Fimbo ya Jina la Shangazi

Harusi ya mdogo wangu ilipokaribia, nilijigamba nyumbani kwetu, mjini Baraka, kwamba kadi zote za mwaliko nitazichapa kwa programu niliyoiandika mwenyewe. Ikafika kwenye jina la shangazi, ikagoma.

Majina yetu mengi ya Kibembe yana apostrofu, na mimi kila jina nilikuwa nimelifungia ndani ya alama hiyohiyo, moja mbele, moja nyuma. Kompyuta ikadhani jina limekwisha katikati, ikazikasirikia herufi zilizobaki.

"Shangazi, tuitoe tu hii alama. Iko kadogo sana."

"Ku jina ya babu yangu? We mutoto, toa ku yako kwanza!"

Nikatafuta kwenye simu, nikajifunza kwamba mbele ya apostrofu unatia kimstari kilichoegemea nyuma, kuiambia kompyuta: huyu hafungi kitu, mwache apite. Kwa pupa nikabadilisha na alama za kufungia pia, nikaweka zile za mikia miwili, dawa mbili kwa ugonjwa mmoja. Kadi ikatoka! Nikaruka, nikacheza peke yangu sebuleni, hadi shangazi alipoisogeza machoni. Kimstari, ambacho sasa hakikuwa na kazi, nacho kilikuwa kimechapwa, katikati ya jina lake.

"Na hii?"

"Ni… fimbo, Shangazi. Nitaifuta."

Akanipiga mkono. "Acha! Mutu wa heshima anatembeaka bila fimbo?"

Za wengine nikazirekebisha, ya kwake nikaiacha. Siku ya harusi shangazi alimwonyesha kila mtu kadi yake, na wazee wa vijiji vya Lweba na Mboko wakanizingira mlangoni, kadi mkononi, wakali kwelikweli: fimbo zao ziko wapi?