Bibi Alipokuja Kunivisha Kimono

Usiku ule nililala chumba kimoja na nguo yangu ya harusi, na kusema kweli iliniogopesha. Kimono nyeupe pe, imetanuliwa mikono kwenye fimbo yake ya kutundikia, imejaa ukuta mzima. Nilikuwa nyumbani kwa wazazi wa Kenji, mchumba wangu, kwenye mji mdogo wa milimani huko Japani. Mimi msichana wa Marangu, nilikwenda kusoma nikapata na mume. Harusi ilikuwa asubuhi yake.

Mama yake Kenji alinifundisha kila kitu mwenyewe. Mwanzoni hakunitaka kabisa, lakini alipokubali, alikubali moja kwa moja. Alinifundisha kwamba upande wa kushoto wa kimono ndio unaolala juu ya wa kulia, na nisije nikakosea, kwa sababu wa kulia ukiwa juu, hivyo ndivyo wanavyovishwa maiti. Akanionyesha kilemba cheupe cha bibi harusi, cha kufunika pembe za hasira na wivu ambazo kwao husema kila mwanamke anazo. Nikamwambia, mama, zangu mimi hazienei humo. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanitajia maneno yasiyosemwa siku ya harusi: kukata, kuisha, kuachana, kurudi. Na jambo la mwisho akalisema kwa sauti ya chini. Mwenye msiba hapiti kwenye lango la hekalu lao. Ukifiwa, harusi inasimama.

Sasa mimi nilikuwa nimefiwa.

Wiki ile ile mama yangu alinipigia simu kutoka nyumbani. Bibi yangu mzaa baba, yule aliyenilea, amefariki, na wameshamzika pale nyuma ya nyumba kwenye migomba. "Na hao wakwe usiwaambie," mama akasema. "Harusi ikiahirishwa, wewe jua imekwisha hiyo. Bibi yako mwenyewe alikuwa anaisubiri. Olewa kwanza, tutalia baadaye." Nikaitikia. Nikaweka simu chini, nikaenda kujaribishwa kilemba, nikatabasamu pale walipotaka nitabasamu. Ningelilia wapi, jamani? Nyumba yenyewe milango ya karatasi, ukikohoa huku wanakupa pole kule.

Basi nikalala, sijalia.

Nikasikia mlango unasukumwa pembeni taratibu. Akaingia bibi. Nje kulikuwa mchana, jua linawaka, na yeye amevaa sweta lake la kijani na kitenge amekifunga juu yake, vile alivyokuwa akivaa asubuhi za baridi. Kumwona hakukunishtua. Kilichonishtua ni miguu. Alikuwa pekupeku, udongo mwekundu umempanda mpaka kwenye vifundo, na anakanyaga ile mikeka yao ambayo hata ndala haiingii.

"Bibi! Miguu yako!"

Akajitazama chini, hana haraka. "Huu ni udongo wa kwetu," akasema. "Kila mtu alinitupia gao lake la udongo kaburini. La kwako sikuliona."

Nataka kumwambia kwamba sikuambiwa, kwamba simu ilikuja wameshafukia. Lakini yeye ameshaishusha kimono na ananivisha. Enzi za uhai wake ndiye aliyekuwa akiwavisha mabibi harusi wa ukoo mzima, na mkono wake ulikuwa mzito, usiojua kubembeleza. Ananifunga kamba ya kwanza kifuani. Ananifunga nyingine juu yake. Anakaza, anaegemeza goti mgongoni kwangu kama mtu anayefunga gunia la kahawa, na kila nikitoa pumzi anakaza zaidi ili nisiipate tena. Halafu nikaona anachokifanya. Upande wa kulia ameuweka juu.

"Bibi, umekosea. Wa kushoto ndio unakaa juu. Hivi ni vya maiti."

"Najua."

"Sasa mbona unanivisha hivyo?"

Akaja mbele yangu akanitazama. Loh, macho yale! "Tazama kati yetu wawili," akasema. "Anayesema ni mimi. Aliyenyamaza kama maiti ni wewe."

Akanibandika kilemba kichwani, akakivuta chini mpaka puani. Giza likawa jeupe. Nilipokiinua kidogo tulikuwa tumeshafika hekaluni, na sikumbuki kupiga hatua hata moja. Shangazi zake Kenji wamejipanga huku na huku, wamevaa kimono nyeusi, maana kwao ndilo vazi la heshima la wanawake wa ukoo siku ya harusi. Mimi naona msiba mtupu. Nasubiri mmoja wao aangue kilio ili nami nipate pa kushikia, lakini wanainama tu, wanatabasamu, wanainama tena.

Lango liko mbele yangu, nguzo mbili nyekundu na boriti juu. Kenji ameshapita, amesimama upande wa pili na kikombe cha pombe yao mkononi, kile tulichopaswa kunywa kwa zamu. Ananiita. Ninakwenda, na jinsi ninavyokwenda ndivyo nguzo zinavyosogeleana. Nikaingiza bega. Nikaingiza nyonga. Hapo hapo nikakwama, mbele siendi, nyuma sitoki, kilemba kimegota kwenye boriti. Kamba zinanibana, mbao zinanibana, na nyuma yangu kuna mkono umeshika pindo la kimono.

"Bibi, niache."

"Mbona hukurudi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeuliza kama chai imeiva. Shangazi wote wakaziba midomo kwa mikono. Neno lile! Siku ile! Nikataka kuwaomba radhi, nikataka kumwambia Kenji asisikilize, nikataka kumwambia bibi jinsi mama alivyonikataza. Nikafungua mdomo. Ulikuwa umejaa udongo. Naumeza, unaongezeka. Naomba msaada kwa macho, na Kenji, maskini, anafikiri ni furaha, anatabasamu na kuniinulia kikombe. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Watu wamejaa pande zote, wananipenda wote, na hakuna hata mmoja anayejua kuwa nazikwa.

Bibi akanisogelea sikioni. Nikasikia harufu yake, ya moshi na maziwa.

"Harusi yako mimi siikatai, mjukuu wangu," akasema. "Kenji wako nimemwona, hana neno. Lakini mimi si mali ya magendo, unipitishe mlangoni mwa watu umenificha chini ya nguo. Nitaje. Kisha unililie."

Akaliachia pindo.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na mama yake Kenji amepiga magoti kando ya godoro langu, kiganja chake mgongoni mwangu. Nilikuwa nimepiga kelele kwa Kichaga. Pale ukutani kimono bado imetanua mikono.

"Ndoto mbaya?" akaniuliza. "Ni wasiwasi tu. Kila bibi harusi huwa anao. Leo ni siku njema."

Njia ilikuwa nyeupe. Ningeitikia tu, angeleta chai, na saa chache baadaye ningekuwa mke wa mtu. Nilimwangalia yule mama aliyechukua mwaka mzima kunikubali, nikamwona jinsi alivyokwisha kuchana nywele zake vizuri kwa ajili yangu. Nampoteza, nikasema moyoni. Nampoteza yeye na mwanawe.

"Bibi yangu amekufa," nikamwambia. "Anaitwa Elinaike. Wamemzika wiki hii, na mimi sikuwepo."

Mkono wake mgongoni ukaacha kusugua. Akaitazama kimono. Kisha akainuka, akasukuma mlango, nikamsikia akimwambia mumewe kule ukumbini kwamba leo hakuna harusi, wawapigie watu simu. Baba mkwe akauliza kitu. Nikajua yamekwisha, nikaanza kutafuta nguo zangu nivae.

Akarudi. Akaketi tena pale pale, karibu zaidi kuliko mwanzo, akalitamka lile jina la Kichaga polepole, silabi moja moja, kwa ulimi usiolizoea. "E-ri-na-i-ke." Akanitazama kuona kama amelipatia.

Hapo ndipo nilipolia. Kama ningekuja kuolewa au la, asubuhi ile sikujua, na sikujali. Nililia kwa sauti, kilio cha kwetu cha kuita jina, mpaka nyumba nzima ikaamka ikaja kukaa nami chini.