Kengele ya Kufukuza Wingu

Kwa miaka thelathini Ludvik, mtunza kanisa letu hapa kilimani, alipiga kengele kila wingu la mvua ya mawe lilipokaribia mizabibu. Baba yake alifanya hivyo, na sisi tuliamini kwamba sauti ile hulipasua wingu.

Mwaka huo mafundi wa ukuta waling'oa ardhini waya wa kinga ya radi, wakauacha ukining'inia mnarani. Fundi wa kuurudisha angekuja Jumatatu. Jumamosi mchana wingu likasimama juu yetu, jeusi, bila upepo hata kidogo.

"Mzee, leo usiende," mkewe Rozalija alimwambia mbele ya mlango wangu. "Radi ikipiga mnara itapita wapi, kama si kwako?"

"Nisipopiga, watu watanilaani mwaka mzima."

"Wakulaani, basi! Ukiwa hai utawasikia."

Ludvik akacheka, akanitazama mimi. Nilikuwa na mizabibu yangu, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Akaenda, akaishika kamba. Kengele ikalia, nasi tukaanza kusali. Kisha mwanga mweupe ukaufunika mnara wote, na mlio wa kengele ukakatika. Rozalija akakimbia kichwa wazi kuelekea kanisani, huku mawe yakianza kuangukia mizabibu.