Makasi ya Shangazi Kahindo

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapoona kijana ameinamia simu na uso umemshuka. Nilikuwa msichana bado, nimeletwa Goma kutoka Butembo kujifunza kushona kwa shangazi yangu Kahindo, dada yake baba, aliyekuwa na atelye yake, chumba cha kushonea, pale Murara. Volkano ilikuwa imeshuka mjini na kuimeza atelye nzima. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na tuliporudi tulikuta jiwe jeusi mahali palipokuwa na mlango, jiwe ambalo bado lilikuwa na joto ndani yake.

Nikakaa juu ya jiwe lile nikalia. Wageni walikuwa wanapita na kamera zao. Mmoja akanionyesha kwa mkono nikae vizuri, akanipiga picha nikilia, akaniachia pakiti ya biskuti. Mwanangu, nikaona nimepata kazi! Aliyefuata sikungoja aniombe. Nilijiweka sawa mwenyewe na machozi nikayaita mwenyewe. Unacheka? Cheka tu. Hata mimi nacheka, ingawa kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Shangazi alinikuta hapo na biskuti mapajani. Hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na ukali wake wote ulikaa machoni.

"Masika," akasema, "ule muzungu alikuuliza unajua kufanya nini?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi hajakuona. Ameona majiwe. Simama."

Wenzake walikimbia moto na magodoro na masufuria. Yeye alikimbia na makasi yake, makubwa, meusi, ameyafunga kiunoni ndani ya kitenge. Tukakaa kando ya barabara tukawa tunashona kwa mkono nguo zilizochanika za watu waliokuwa wanarudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo nilikuwa nimeikariri shuleni kama wimbo, lakini wiki ile methali yenyewe ndiyo iliyotupa chakula.

Sasa ngoja nikueleze jambo moja la ufundi wetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyokuja baadaye. Kushona, mwanafunzi hufundishwa tangu siku ya kwanza. Kukata hafundishwi. Fundi hukata nguo nyuma ya pazia, kisha anakuletea vipande ushone. Akikufundisha kukata, kesho utafungua atelye yako ng'ambo ya barabara na wateja watakufuata. Shangazi naye alikata nyuma ya pazia, hasa libaya, ile blauzi ambayo mama zetu wanaivaa na kitenge. Bega la libaya yake lilikaa juu, limetulia, mtu akilivaa anatembea kama amesifiwa. Hakuna aliyeliweza Goma nzima. Mimi aliniita nyuma ya pazia siku za kuolewa kwangu tu, ikawa ndiyo zawadi yake ya harusi, na akaniapisha nisimpe mtu asiye wa damu yetu.

Miaka ikaenda. Nikapata atelye yangu huko Ndosho, mashine zangu, wasichana wangu wa kufundisha. Mume wangu akatangulia mbele za haki, nami nikaendelea kushona. Kisha vita vikaingia mjini. Sitakusimulia, waliokuwepo wanajua. Tulipotoka chini ya vitanda, mlango wa atelye ulikuwa wazi na ndani mmefagiwa. Mashine zimebebwa, vitenge vya wateja vimebebwa, hata balbu wameifungua wakaenda nayo. Wasichana wangu wakatawanyika, kila mmoja na njia yake.

Nikabaki na Shangazi Kahindo, maana watoto wake walikuwa wamehamia Kampala. Alikuwa mzee sasa, macho yake yameisha, amelala katika chumba changu cha nyuma. Nilikuwa na mtu mmoja wa kulisha, naye ndiye aliyenilisha mimi tangu usichana. Hapo niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba yule mwanamke atakufa kwa njaa mikononi mwangu.

Simu nilikuwa nayo. Basi nikafanya kile ambacho mji wetu umetufundisha. Sisi watu wa Goma tumezoea kupigwa picha siku za msiba; mtu akija na kamera tunajua wenyewe mahali pa kusimama. Nikapiga picha atelye tupu, nikazituma kwa ndugu walio mbali na kwa wateja wa zamani, nikarekodi sauti yangu nikilia. Mwanzoni waliitikia. "Pole sana mama." "Kuraje, jipe moyo." Wengine walituma chochote, na tulikula, siwezi kukana. Mara ya pili waliitikia wachache. Nikatafuta picha ya kuhuzunisha zaidi. Nikampiga picha shangazi yangu kwenye godoro lake, yeye asiyeona, bila kumuuliza.

Baada ya hapo, kimya. Unajua vile vialama vya simu vinavyokuambia kwamba mtu amesoma, akapita zake? Nilikuwa navitazama hivyo kutwa nzima.

Alasiri moja nilikuwa narekodi tena kilio changu, nikasikia kutoka chumba cha nyuma:

"Masika. Bale batu banakuuliza unajua kufanya nini?"

Maneno yalikuwa yaleyale ya kwenye jiwe, na mimi sasa ni mama mzima mwenye mvi. Niliweka simu chini nikalia kilio cha kweli, ambacho sikumtumia mtu.

Nilipoingia kwake, alikuwa ameyatoa makasi chini ya godoro. Waporaji hawakuyaona kwa sababu alikuwa ameyalalia.

"Bamebeba mashini," akasema. "Mikono habakubeba."

"Shangazi, mushonaji bila mashini atafanya nini?"

"Kukata kunaomba mashini?"

"Hapana."

"Basi fundisha batu kukata. Mu ile telefone yako."

Nilidhani uzee umemchanganya. Nikamkumbusha kiapo. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaniwekea makasi.

"Nilificha lile bega kwa sababu nilikuwa naogopa njaa," akasema. "Sasa njaa imefika mpaka ndani ya nyumba. Nikikufa nalo, nani atakata nguo ya kilio changu?"

Basi nikaanza. Jirani alikuwa anajenga, nikamwomba mifuko mitupu ya simenti, nikaikung'uta vumbi, nikazikata karatasi zake kwa vipimo vya libaya. Simu niliiegemeza kwenye kopo la maziwa. Sikuonyesha uso wangu. Nilionyesha mikono tu na makasi, nikieleza polepole kwa Kiswahili chetu cha hapa. Video ya kwanza ilikuwa balaa. Mbuzi wa jirani analia, mimi nasahau maneno, na katikati yake sauti ya shangazi inalipuka kutoka kitandani: "Hapana! Anza na bega!" Alikuwa anasikia makasi yanavyokwenda kwenye karatasi, akajua nimeanza na shingo.

Nilitaka kuifuta video ile. Nikachoka, nikaiweka mtandaoni hivyohivyo. Kumbe watu waliipenda sauti ile kuliko mikono yangu. Wakauliza, bibi huyo ni nani? Anajua nini kingine? Angalia vizuri, mwanangu: watu wale nisiowajua waliuliza hatimaye swali ambalo shangazi alikuwa analingoja.

Wanawake wakaanza kuingia katika grupe niliyoifungua kwenye simu. Wa Butembo, wa Beni, wa Kiwanja, wengine wakimbizi kule Kampala, mmoja yuko nchi za baridi na vitenge vya mama yake sandukuni, havijawahi kushonwa kwa sababu huko hakuna anayejua. Mwenye uwezo alilipa kidogo kwa simu. Wa hapa mjini walinunua vielelezo vya karatasi ya simenti, au waliniletea vitambaa niwakatie wakashone kwao. Tukala. Shangazi akanywa maziwa yake ya asubuhi tena.

Usidhani tulitajirika. Mara mtandao unakatika, mara umeme haupo, mara mega za intaneti zimeisha katikati ya kola. Wengine walijifunza wakatoweka bila kusema hata asante. Fundi mmoja wa Ndosho alinijia juu mlangoni: "Mama Masika, unatuuzisha! Siri ya kazi unaitupa mu barabara!" Nilimpa kiti, akakaa, akalalamika mpaka akamaliza. Hakuwa na kosa, maana na yeye alikuwa anaogopa njaa.

Katika wanafunzi wale alikuwepo binti wa Kiwanja, Riziki jina lake. Alikuwa amekimbia kwao akarudi, akakimbia tena akarudi, na kila mara amebeba kichwani mashine ya marehemu mama yake. Siku moja akatuma sauti. Nikaifungua, haina neno hata moja. Ni mashine tu inashona. Nikaenda nayo chumba cha nyuma, kwa maana tangu tuporwe shangazi alikuwa ananiambia kwamba nyumba bila mlio wa mashine inamwogopesha. Nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni nani eko anashona?"

"Mwanafunzi wako, Shangazi. Eko Kiwanja."

"Sindano yake imechoka," akasema. "Umuambie abadirishe."

Nikacheka. Kisha nikaona machozi yanateremka upande wa shavu, yanaingia sikioni.

"Weka tena," akaniambia.

Alifariki majira ya mvua. Mashine niliyokuwa naitafutia akiba ilikuwa haijapatikana, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilitaka asikie mashine yetu, ndani ya nyumba yetu, na sikuwahi.

Wewe unajua desturi yetu. Mtu akifa, familia nzima inavaa kitenge cha aina moja, ili kilio kionekane ni kimoja. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa. Mdogo wangu Kambale hakuweza kutoka Butembo. Watoto wa shangazi walikuwa Kampala, wanalia kwenye simu. Tukamzika tukiwa watu wa kuhesabika, mvua inanyesha, padri anaharakisha sala. Nilisimama pale juu ya udongo mweusi nikawaza: mwanamke aliyevalisha nusu ya mji huu anazikwa na majirani na miavuli yao. Uchungu niliousikia siku ile ulizidi ule wa siku ya kuporwa.

Nyumbani nikaandika katika grupe maneno machache tu. Kwamba bibi wa "anza na bega" amelala. Nikaweka picha ya kitenge tulichochagua, cha buluu chenye maua meupe, kwa ajili ya ndugu. Sikuomba kitu.

Siku ya kumaliza kilio, simu ikaanza kulia, picha zinaingia. Kambale na mkewe na watoto wao, wamesimama mbele ya nyumba kule Butembo, wamevaa libaya na mashati ya buluu yaliyokatwa na mwanafunzi wetu wa huko. Kisha watoto wa shangazi, Kampala. Kisha yule wa nchi za baridi, amevaa koti zito, ameliacha wazi ili libaya ionekane. Kisha Riziki, ambaye si ndugu yetu, amesimama mlangoni kwao Kiwanja. Kitenge chenye maua hakukipata, akashona cha buluu tupu. Picha baada ya picha. Na katika kila picha, lile bega. Limekaa juu, limetulia, bega lililokuwa limefichwa nyuma ya pazia maisha yote, sasa limesimama kila mahali ambapo mwenyewe asingeweza kufika.

Nilikaa kwenye godoro lake tupu, na makasi mapajani. Nikasema kwa sauti, kama vile bado anasikia: "Shangazi, leo wamekuona."

Basi, mwanangu, sikia ninachokuambia. Maisha yakikuvua kila kitu ukabaki na simu mkononi, usilitangulize jeraha lako. Ukiwa na njaa omba, si dhambi. Mimi niliomba na nikala. Lakini usijenge nyumba hapo. Watu wakiona jiwe watalia nawe kidogo, kisha watapita. Rudi nyuma ukatafute kile ambacho mikono yako ilikuwa inakijua kabla ya msiba, hata kama ni kidogo, hata kama vyombo vyake vimeibwa, uwaonyeshe watu hicho. Anza na karatasi ya simenti kama hamna kitambaa. Ukichoka, pumzika; sindano iliyochoka inaharibu nguo. Na ujuzi wako usiufungie ndani mpaka ukazikwa nao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mungu wa shangazi yangu aibariki mikono yako. Akurudishie mlio wa kazi ndani ya nyumba, na wale uwapendao wawe bado hai wausikie. Na mahali popote utakapokuwa umekaa juu ya jiwe lako, akuletee mtu wa kukuuliza unajua kufanya nini, akukute umeshasimama.