Boneti Isiyoshika Sumaku

"Mjomba Jailos, hivi Mika ni mtoto wako kweli? Mbona hakai kwako?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimekaa juu ya tairi bovu mbele ya gereji pale Iyunga, Mbeya, yeye akipiga msasa mlango wa Landrova. Alichovya msasa kwenye ndoo akaendelea kusugua, kana kwamba ni mlango ulioongea. Mama alipopata habari alinifinya sikio. Kisa chenyewe nilikiokota kidogo kidogo miaka iliyofuata, na hivi ndivyo kilivyokuwa.

Jailos alikuwa fundi rangi, mkewe Tupokigwe nesi. Mika akiwa bado ananyonya, Tupokigwe alihamishiwa hospitali moja ya Iringa. Walikubaliana kwamba Jailos atamfuata mara tu akipata kazi kule. Hiyo "mara tu" ikarefuka. Kila alipokwenda kuwasalimu alimkuta Mika ameongeza maneno, ila "baba" halikuwamo. Safari moja mtoto alijificha nyuma ya kanga ya mama yake, akauliza mgeni ataondoka lini. Watu walicheka na Jailos akacheka nao, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba.

Mwaka sabini na tatu Tupokigwe akamtafutia njia. Bwana Mulji, mwenye gereji mjini Iringa, alikuwa anahitaji fundi rangi. Alikuwa na gari la mashindano alilonunua kwa mtu, na huyo mtu alikuwa ameipaka boneti rangi ya kijani kwa brashi, nene, imejikunja kama uji uliopoa.

"Toa hii yote," Mulji alimwambia Jailos. "Boneti ibaki kama ilivyotoka Nairobi. Nyingine sipati. Ukiweza, wiki ijayo njoo na mizigo yako."

Asubuhi hiyo Tupokigwe alikuwa ameshaazima kitanda kipana kwa jirani yake Roza.

Sasa, mafundi rangi wa Iyunga walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alitembea na sumaku mfukoni, iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu. Landrova zilizokuja na vumbi la Chunya zilikuwa na mabati ya chuma na ya alumini, na ukikosea umeharibu. Ili kutoa rangi ya zamani, kwenye chuma walipaka soda ya kutengenezea sabuni iliyokorogwa na unga wa muhogo. Alumini, soda ingeitafuna, kwa hiyo ilipakwa dawa ya kopo ya kutolea rangi. Sumaku ikishika, soda. Isiposhika, kopo. Miaka yote Jailos alifuata hivyo na hakuwahi kuharibu kitu.

Aliweka sumaku kwenye boneti ya Mulji. Ikateleza ikaanguka. Alumini, akajiambia. Lakini alipoigonga kwa kidole ilitoa sauti butu, kama ubao. Aliisikia vizuri sana sauti ile. Akainua uso amuulize Fanueli, msimamizi wa gereji, akamkuta amekunja mikono anamtazama.

"Vipi, fundi wa Mbeya? Au huko kwenu mnapaka mikokoteni tu?"

Mafundi wakaangua kicheko. Jailos naye akacheka. Swali akalimeza, akafungua kopo, akapaka dawa kona moja.

Rangi ilivimba vizuri, moyo ukamtulia. Akaanza kukwangua kwa kisu cha puti kwenye kona. Kijani kikatoka, kisha kikafuatana na kitu kingine, laini, kinachonata. Kisu kikazama. Chini yake zikatokeza nyuzi nyeupe zilizosukwa kama mkeka. Ilikuwa faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kitu ambacho hakuwahi kukigusa maishani mwake, na ile dawa ilikuwa inaila gundi.

Alikimbilia bomba. Alimwagia maji ndoo juu ya ndoo, akafuta dawa kwa matambara, mikono mitupu, ngozi ikimwaka moto. Dawa ilipokoma kula, kona moja, upana wa sahani, ilikuwa imelegea. Kwingine kote rangi ya kijani ilikuwa bado imekaa. Akafunga msasa wa maji kwenye kipande cha ubao, akaanza kusugua taratibu, bila kukandamiza, akisuuza kila mara aone alipofika. Koti jeupe la kwanza, yaani rangi iliyotoka nayo Nairobi, lilipochungulia, aliacha, akasogea pembeni. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Sehemu ile ilitoka safi, inang'aa, na kila ilipozidi kung'aa, ile kona ilizidi kuonekana.

Mchana Tupokigwe akaja na chakula, Mika mgongoni.

"Baba Mika, kula kwanza."

"Nimeiharibu."

"Yote?"

"Kona."

"Basi mwambie Bwana Mulji ni kona."

Hakula, akarudi kusugua. Tupokigwe akaacha bakuli juu ya benchi, akarudi kazini.

Mulji alipokuja alipitisha kiganja juu ya boneti yote, polepole, hadi konani. Akabonyeza. Kidole gumba kikazama. Alimwita ndugu yake, wakazungumza Kigujarati, wakaingia ofisini. Fanueli safari hii hakutania, na hilo ndilo lililomwogopesha Jailos kuliko yote. "Subiri hapo, fundi," alimwambia kwa sauti ya chini.

Jailos alisubiri, mlango wa ofisi haukufunguka. Akakusanya misasa yake, akapita mlango wa nyuma mpaka stendi. Nyumbani hakupitia, angepitaje mbele ya kile kitanda? Ndani ya basi la Antoni, dereva wa njia ya Iringa na Mbeya, alisimama hadi Makambako, mikono ikinuka dawa.

Juma lililofuata Antoni akaleta habari. Mulji alitoka ofisini na kopo la gundi ya faiba, akauliza fundi yuko wapi. Kona itazibwa, na msasa ule ameupenda. Tupokigwe anauliza unakuja lini. Jailos akasema mwambie wiki ijayo.

Nilipokuwa kidato cha pili, nimekuja likizo, nilimkuta pale pale Iyunga. Sikumuuliza tena. Alianza mwenyewe, bila kuacha kusugua.

"Mika ni wangu. Iringa hakuna aliyenifukuza. Kila wiki nilisema wiki ijayo, na kila wiki mama yake alimtuma Antoni aniulize nakuja lini. Halafu siku moja Antoni alishuka kwenye basi, akanisalimia vizuri tu, akapita. Hakuwa ametumwa kitu."