Filamu Iliyokaa Darini

"Mama, hii mmeipika."

Fundi alisema hivyo mikono yake miwili ikiwa ndani ya mfuko mweusi, anaipapasa filamu bila kuiona. Nilikuwa nimekaa kwenye kigogo mlangoni mwa kiwanda chake. Sikuuliza tumeipika vipi, nilielewa palepale. Nikaona safari yangu ya kutoka Shume imeishia hapo, yule msimamizi aliyenisingizia atazeeka akiheshimiwa, na mimi nitazikwa na uongo wake.

Ngoja nirudi nyuma.

Mimi niliishia darasa la nne, na mkono wangu wa kulia una vidole viwili. Vitatu vilikwenda na msumeno wa kiwanda cha mbao, kwetu Shume, mwanangu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Kazi yangu ilikuwa kupokea mbao zikitoka. Msumeno ule ulikuwa na kinga ya bati. Asubuhi ile msimamizi aliing'oa, akasema inatuchelewesha. Tulimwona wote. Saa nane mchana ubao ulinasa, ukanivuta nao. Mkaguzi alipokuja siku ya tatu, alikuta kinga imerudishwa na kukazwa vizuri. Msimamizi akamwambia niliing'oa mwenyewe ili nimalize mapema nikanyonyeshe. Karani akaandika hivyohivyo. Binamu yangu, aliyekuwa akisukuma gogo upande wa pili, akaulizwa, akatazama chini, akasema hakuona. Ni hao watatu. Majina siandiki, lakini Shume nzima inawajua, na wao wanajijua.

Nikafukuzwa kazi. Nikawa mfano wa kuonyea watoto. Niliwahi kupita nyuma ya jiko la jirani nikamsikia anamkemea binti yake aliyeshika kisu vibaya: "Shauri yako, utakuwa kama yule aliyejikata mwenyewe."

Sasa, asubuhi ileile, kabla sijaumia, mwinjilisti wetu alikuja kiwandani na kamera. Siku hiyo tulikuwa tunapasua mbao za paa la kanisa, akataka picha za kuwaonyesha washarika. Filamu haikuisha, na yeye hakuwa mtu wa kupeleka filamu kusafishwa ikiwa nusu. Wiki chache baadaye akafariki. Nilidhani kamera iliondoka na ndugu zake.

Mwaka huu mjane wake aliniita kwake. "Dada, nimepanda darini kutoa mahindi ya mbegu, nikaikuta kamera ya marehemu. Si ndiyo aliyokupigia siku ile?" Ilikuwa nyeusi tii kwa moshi. Kwetu ukungu unaingia mpaka kwenye nguo za sandukuni, kwa hiyo kitu cha thamani tunakipandisha darini, juu ya mafiga. Naye ndivyo alivyofanya, miaka yote, asubuhi na jioni moto unawaka chini yake. Nikamshukuru sana. Hata mimi ningeiweka hapohapo.

Niliifunga kwenye kanga nikashuka nayo Lushoto, maana niliambiwa kuna kiwanda cha kamera. Nilitegemea geti na mlinzi. Nikakuta vyumba viwili na mafundi watatu wanatengeneza masanduku ya mbao za mkulo, ule mti wa milimani kwetu unaonukia, kila moja na jicho la kioo mbele. Wageni wananunua, walisema, na picha zinatoka kweli. Harufu ya mkulo niliipenda. Mlio wa msumeno haukuniacha niingie. Fundi mkubwa akauzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kinga hapo juu haiwacheleweshi?"

"Inatuchelewesha sana," akasema. "Lakini vidole ni vyangu." Kisha akauona mkono wangu, akanisogezea kigogo mlangoni nikae.

Ndipo akaichukua kamera, akaifungulia ndani ya mfuko, akaniambia tumeipika.

"Ilikaa wapi?"

"Darini."

"Juu ya moto?"

Mwenzake akadakia, "Basi hiyo si filamu, ni nyama ya kukausha!" Wakacheka wote.

"Chekeni," nikasema. "Lakini humo ndani kuna mkono wangu mzima."

Hawakucheka tena. Fundi akaingia chumba cha giza na dawa zake. Nilikuwa na matunda mfukoni, mapeasi ya kwetu, nikashindwa kuyala. Nilibaki nimekaa, nautazama mlango ule.

Alipotoka, maji yanachuruzika kwenye filamu, akaiinua dirishani. "Nyingi zimeungua," akasema. "Tatu zimepona. Na nikuambie ukweli, mama, mngeiweka sandukuni, ukungu ungezila zote."

Picha aliyonisafishia ninayo. Nimeshika ubao, nacheka, vidole kumi, nimevihesabu. Nyuma yangu msumeno uko wazi, meno nje. Kinga imelazwa chini ukutani, na juu yake msimamizi ameweka chupa yake ya chai, mwenyewe kasimama hapo na kikombe.

Nililia mbele ya wale vijana, wala sikuona haya. Si uchungu. Ukiambiwa jambo miaka yote hiyo, unafika mahali unajiuliza, au kweli niliing'oa mimi? Sikuing'oa. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Niliyala mapeasi yote njiani nikirudi, nikayaona matamu.

Binamu nimemwonyesha. Ametazama chini tena, lakini safari hii amesema, "Niliona." Karani anasema hakumbuki. Haya.

Umebaki wewe, msimamizi. Kila Jumapili unakaa benchi la mbele, chini ya paa la mbao nilizozipokea kwa mikono miwili mizima. Chupa ya chai ni yako, usiseme huijui. Jumapili hii, matangazo yakiisha, simama uwaambie washarika nani aliing'oa ile kinga. Mimi nitakuwa benchi la nyuma yako, na picha nitakuwa nayo.