Kikohozi Kilichochelewa

Mdogo wangu anaitwa Nyaya, na aliyempa jina hilo ni mimi. Ukiingia chumbani kwake inabidi uinue miguu kama unavuka mtaro: nyaya za gitaa, nyaya za kompyuta, nyaya za spika, na mmoja ambao hata yeye hajui unatoka wapi, ila anaapa kwamba ukichomolewa kila kitu kinazimika. Humo ndimo anamotungia muziki wake.

Kazi yenyewe iko hivi. Anapiga gitaa kidogo, anakanyaga pedali, na mashine inaurudia ule mpigo bila kuchoka. Juu yake anaweka mwingine, halafu sauti za kompyuta, halafu chochote kinachopita mbele ya kipaza sauti. Amekwisha kurekodi bawaba za mlango wangu, feni, hata mama akikatakata vitunguu. Jokofu langu limo katika nyimbo kadhaa na halijawahi kuambiwa asante. Watu wanamsifu sana. Wapo wanaofumba macho wakimsikiliza; mimi nikifumba macho nasikia jokofu.

Asiyemsifu ni baba. Baba alikuwa mpiga dramu wa bendi ya dansi mpaka bendi ilipovunjika, na kwake yeye muziki ni watu kutazamana.

"Mwenzako akitaka kukimbia na mpigo, unamwona usoni kabla hajakimbia," husema. "Sasa hiyo mashine nitaitazama wapi?"

Mara mbili alikwenda kwenye onyesho la mwanawe, na mara zote mbili alitoka katikati, kofia mkononi, bila hata kujifanya anakwenda chooni.

Hilo lilimkata maini Nyaya. Safari hii, tulipokuwa tunabeba spika kuingia ukumbini, aliniambia, "Dada, baba akitoka tena leo, nauza vyombo vyote. Nakwenda kufunga umeme majumbani kama watu wengine."

"Usinitie presha. Shika upande wako, spika inaniangukia."

Nilimjibu hivyo, lakini nilikuwa nimesikia alivyosema kwa upole. Huyu mtoto akipiga kelele, mpuuze. Akisema jambo kwa upole, ujue amekwisha kuamua.

Basi nikajipanga. Nilimkalisha baba safu ya mbele, mama upande wake mmoja, mimi upande wa mlango. Atakayetaka kutoka atapita juu ya magoti yangu, na magoti yangu si haba.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wimbo wa mwisho. Nyaya alikuwa ameweka kipaza sauti ukingoni mwa jukwaa, kimetuelekea sisi, kwa sababu alitaka kunasa ukimya wa watu na kuuchanganya na gitaa. Nani hurekodi ukimya? Ni yeye tu. Akapiga mpigo wa kwanza, akainua mkono tunyamaze, akakanyaga pedali. Ukumbi mzima ukanyamaza. Baba akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha adabu. Kilitoka chini kabisa kifuani, na mashine, isiyojua mkubwa wala mdogo, ikakinasa na kukirudia. Kho! Gitaa likizunguka, kho! Watu wakaanza kucheka. Mama akajifunika uso kwa mkoba. Nyaya akahangaika na vitufe, na kikohozi kikazidi sauti.

Baba akasimama. Nikamkamata koti.

"Baba, tafadhali, kaa kidogo tu."

"Niache."

"Kwa ajili ya mwanao, baba."

"Nimesema niache!"

Akayaruka magoti yangu kama kijana. Kule jukwaani Nyaya alimwona, vidole vikamteleza kwenye vitufe, gitaa likakatika. Ile sura yake sitaisahau. Ikabaki mashine peke yake, inakohoa.

Lakini baba hakwenda mlangoni. Alipanda jukwaani, akakiinamia kipaza sauti.

"Kikohozi changu kimechelewa," akasema kwa hasira, na ukumbi wote ukamsikia. "Umeniweka nyuma ya mpigo. Mimi sijawahi kuchelewa tangu nizaliwe. Futa!"

Nyaya akafuta.

"Haya, piga."

Gitaa likaanza tena. Baba akagonga mguu chini, akavuta pumzi, akakohoa. Kikohozi kilitua palepale kinapotakiwa.

"Hapo," akasema baba, na mashine ikalinasa neno hilo pia. Kho! Hapo. Kho! Hapo. Watu walipiga makofi mpaka wakaumia viganja.

Baba akaanza kujipiga mapajani kwa mikono miwili, dramu zake za zamani. Ghafla sauti za kompyuta zikaingia, akapotea. Akageuka huku, akageuka kule.

"Sasa nimtazame nani hapa?" Hasira ilikuwa imemwisha. Aliuliza kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

"Nitazame mimi, baba."

Akamtazama. Nyaya alipotaka kugeuza mpigo aliinua nyusi, baba akafuata. Baba akaongeza mwendo, Nyaya akacheka na kumkimbiza. Mimi nililia waziwazi, na sioni aibu kusema.

Sijui walipiga kwa muda gani. Mlinzi wa ukumbi alianza kuzitikisa funguo zake, Nyaya akamwona, akakanyaga pedali, vyote vikanyamaza. Watu wakasimama wakishangilia. Baba hata hakugeuka. Alikuwa bado anamtazama mwanawe, mikono imebaki hewani.

"Mbona umeacha?" akamuuliza.