Pedi Mbili kwa Saa Moja

Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyemkataa mkalimani. Daktari alimuuliza kwenye simu kama anataka mtu wa Kiswahili, naye akajibu hapana, Kiingereza chake kinatosha. Hakitoshi hata kununua samaki, lakini nilimwelewa. Sydney hii wakalimani wa Kiswahili ni wachache, na Wakongo wa upande wetu wa jiji karibu wote husali pamoja. Unaweza kupewa mkalimani, kumbe ndiye aliyekupakulia sombe, yale majani ya muhogo, kwenye arusi. Ameapa kutunza siri, sawa, lakini Jumapili utamtazamaje usoni?

Basi mkalimani nikawa mimi. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, magharibi ya jiji tumefungiwa ndani, polisi kila kona na helikopta inazunguka juu ya mapaa. Mimi nilikuwa karantini Quakers Hill, kwa sababu mzee mmoja kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi ya unesi alipatikana na virusi. Rafiki yangu huyu alikuwa Toongabbie, ghorofani, na mapacha wake wadogo. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekwama Queensland, mpaka wa jimbo umefungwa. Siku ya kuwazaa wale mapacha nusura afe. Mimba nyingine ilipoingia hakulia. Aliniambia tu, "Yaya, hii itanimaliza." Yaya kwao ni dada mkubwa, kama vile "wote" kwao ni "boote". Mume alijua, na walikuwa wamekubaliana itolewe, kwa hiyo mtu asiniletee mahubiri hapa.

Alipiga picha karatasi ya maelezo ya dawa alizotumiwa na daktari, ukurasa kwa ukurasa, nami nikamsomea kwa Kiswahili mpaka akaweza kunirudishia. Kidonge cha kwanza unameza. Vile vya pili unaviweka siku nyingine, kati ya shavu na ufizi, unatulia nusu saa, kisha unameza mabaki kwa maji. Tumbo litauma, damu itakuwa nyingi kuliko ya mwezi, usishtuke. Lakini ukilowesha pedi mbili kwa saa moja, na saa inayofuata tena hivyo hivyo, hiyo ni hospitali, hakuna mjadala. Na lazima mtu mzima awe nawe nyumbani. Kumbe hilo daktari alikuwa ameshamuuliza, naye akajibu dada yake yupo. Dada gani? Dada mwenyewe ni mimi, simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia! Nilimfokea mpaka nikaishiwa maneno.

Siku ya vidonge vya pili aliviweka asubuhi, mapacha wakitazama katuni. Mchana damu ikaanza. Nikawa napiga simu kila mara.

"Umebadilisha pedi ngapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Moja tu, yaya. Haiko mbaya."

Nikashusha pumzi, nikajiwekea chai. Nilipopiga tena, niliwasikia mapacha wakilia kwa nyuma na mama yao hasemi kitu. Mwanamke huyu hukaripia watoto hata katikati ya sala. Nikamwambia awashe video. Midomo yake ilikuwa imepauka, na macho yake hayakuwa yakinitazama mimi.

"Hebu nionyeshe hiyo pedi."

Akageuza uso. "Siko na pedi."

Woi! Dukani kulikuwa na foleni, na kwenye foleni akina mama wa kanisa, kila mmoja anachungulia kitoroli cha mwenzake. Aliogopa maswali. Akafanya alivyofundishwa na mama yake: alikata kitenge cha zamani, akakikunja na kukikunja, ndani akatia kipande cha taulo. Kitu kizito kama godoro la mtoto. Ile "moja" niliyokuwa nikiifurahia ndiyo hiyo, imelowa yote, na ya pili nayo ilikuwa inadondosha sakafuni. Karatasi iliandikwa na watu wanaojua pedi ya dukani, na mimi nesi mzima nikaisoma hivyo hivyo.

"Naita ambulensi."

"Usiite! Mama wa maombi anakaa hapa chini. Bataona boote. Heri nife."

"Basi utakufa kweli, mjinga wewe! Na hawa watoto nimpe nani?"

Akanikatia simu. Nikapiga nambari ya dharura, nikataja mtaa na nyumba. Halafu nikakumbuka mlango, anaufunga kwa komeo na mnyororo. Nikampigia. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, namtukana, namwomba Mungu, namtukana. Mwishowe akapokea.

"Yaya, umeniua."

"Tambaa ufungue mlango, halafu unichukie vizuri."

Nilimsikia akijikokota. Nilisikia mnyororo ukianguka, kisha kishindo, kisha watoto tu wakimwita. Sijawahi kuchukia kuta kama nilivyozichukia zangu siku ile. Ndipo zikaja sauti za watu wazima, na mtu akaizima simu.

Hospitalini alisafishwa kizazi, akaongezwa damu. Hayo niliambiwa na mumewe, naye alikuwa analia huko aliko. Mapacha walichukuliwa na yule yule mama wa maombi wa chini. Rafiki yangu mwenyewe hakunipigia. Mimi pia sikuthubutu. Nilifua mapazia, nikayafua tena.

Siku aliyopiga hakunisalimu.

"We mwanamke! Nilikuambia usiite! Banaume bale banakuja na makanzu ya plastiki, maglavu, vioo usoni, jengo nzima iko madirishani!"

Sauti ilikuwa imerudi, kali, imejaa. Nilimwacha aniporomoshee. Angenitukana hata wiki nzima, ningekaa nisikilize.

"Na sasa boote banasema niko na korona. Mama wa chini anaita kikundi kizima kwenye simu, banafunga na kusali juu yangu, banakemea virusi! Banangoja niseme neno. Nibajibu nini, yaya?"

"Wajibu amina."

Akacheka, akalalamika tumbo linamuuma, akacheka tena, nami nikaketi chini jikoni nikalia kama mtoto.